Portofino: Piga Picha Yako, Lakini Usizibe Njia

Kila kiangazi kikikaribia, swali kuhusu Portofino, mji mdogo wa bandari nchini Italia, ni lilelile: "Ni kweli Portofino wamekataza selfi?" Hapana. Tumelijibu mara nyingi, na tunalijibu tena. Amri ya manispaa ya mwaka 2023 ilitenga sehemu mbili za gatini ambako mtembea kwa miguu hakuruhusiwa kusimama akazuia wengine, kuanzia saa 4:30 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kosa lilikuwa kuziba njia. Faini iliyotajwa ilifika euro 275. Amri za manispaa hubadilika, kwa hiyo hakikisha saa na viwango kabla ya kusafiri.

Wanaolalamika kwamba wanaonewa waitazame barabara kwanza. Ya gari ni moja tu, nyembamba, imebanwa kati ya mwamba na bahari kutoka Santa Margherita Ligure, ambako ndiko treni inakoishia kwa msafiri wa Portofino. Oktoba 2018 dhoruba iliikata, mji wa wakazi wapatao 400 ukawa haufikiki kwa gari. Gari la wagonjwa halina njia nyingine.

Warumi waliiita Portofino Portus Delphini, Bandari ya Pomboo. Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi, ameitaja. Ghuba yake imejificha nyuma ya rasi, chombo kikiingia humo kinapata utulivu. Uwanja wake wa mawe unateremka hadi majini, na hapo wavuvi walikuwa wakivutia mashua zao nchi kavu. Zisogelee nyumba zile ndefu za rangi ya waridi na manjano. Nakshi iliyozunguka dirisha, ambayo kwa mbali ungeapa ni jiwe lililochongwa, ni rangi na brashi tu. Juu kuna Castello Brown, ngome ya kulinda ghuba ambayo mwaka 1867 ilinunuliwa na Montague Yeats-Brown, konseli wa Uingereza mjini Genova, akaigeuza makazi.

Bahari yenyewe ni hifadhi tangu 1999. Ghuba ndogo ya Cala dell'Oro imefungwa kabisa: huingii kwa boti, huogelei, huvui, isipokuwa kwa uokoaji, doria au utafiti wenye kibali. Na tafadhali, kokoto na mchanga wa ufukweni si zawadi ya kupelekea watoto. Sheria ya usafiri wa majini ya Italia inatoza kuanzia euro 1,549 hadi 9,296. "Sikujua" haipunguzi kitu.

Ukipata nafasi, panda boti hadi San Fruttuoso, penye abasia (makao ya watawa) ya kale iliyojengwa karibu na maji. Mbele yake, mita kama 17 chini, imesimama tangu 1954 sanamu ya shaba ya Kristo, mikono ameinua juu, mahali alipofia mzamiaji Dario Gonzatti mwaka 1947. Sehemu ya shaba yake ilitokana na medali na kengele zilizoyeyushwa.