Njia ya seva imebadilika: kabla hujaifuta, mjue aliyeiandika

Maafisa TEHAMA wa vituo vya afya na shule hutupigia simu na kisa kilekile. Seva ilikuwa nzima jana. Leo waliomo ndani ya jengo wanaifikia kama kawaida, lakini yenyewe haitumi taarifa makao makuu. Fundi anaizima na kuiwasha, inapona. Siku umeme ukikatika na kurudi, yale yale.

Huko kupona ndiko kunakotupotosha. Tunalaumu kampuni ya intaneti, tunabadilisha kebo, wakati jibu liko kwenye mstari mmoja wa jedwali la njia, orodha inayoiambia seva data ipitie wapi. Kwenye Linux andika `ip route`, usome mstari wa kwanza:

`default via 192.168.1.1 dev eno1 proto dhcp metric 100`

`default` ni njia ya kila kinachotoka nje ya mtandao wa ndani. Wengi huishia kwenye ile anwani ya lango, yaani kifaa kinachopitisha data kwenda nje. Mimi macho yangu huenda kwenye neno linalofuata `proto`, maana hapo mwandishi wa njia ameweka sahihi yake. `dhcp` ni huduma ya kugawa anwani. `static` ni mtu, au faili lililoandikwa na mtu aliyekwisha kuhama kituo. `ra`, utakayoiona kwa `ip -6 route`, ni ruta iliyojitangaza kwa IPv6, mfumo mpya wa anwani. Ukikuta mistari miwili ya `default`, tazama `metric`: yenye namba ndogo ndiyo inayofuatwa. Ndiyo maana seva yenye kebo na Wi-Fi inaweza kuhamia Wi-Fi kimyakimya kebo ikilegea.

Katika ofisi moja niliyowahi kuitwa, lango halali lilikuwa 192.168.1.254, lakini seva ilishika 192.168.1.1. Amri ya `ip neigh` ikanipa anwani ya MAC ya huyo mgeni, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, na swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo za ofisi, ikaonyesha tundu aliloingilia. Tulifuata waya hadi chini ya meza ya mhasibu. Palikuwa na ruta ndogo ya nyumbani, imechomekwa apate Wi-Fi, tena kwenye tundu la ndani badala ya lile la kupokea intaneti. Basi ikawa inamgawia anwani kila aliyeomba, na kujitaja yenyewe kuwa ndiyo lango.

Kwa nini umeme? Kifaa kinachoomba anwani kwa kawaida hukubali jibu linalotangulia. Umeme ukirudi, ruta ya mhasibu inaamka upesi, ilhali mashine kubwa inayogawa anwani halali bado inajikongoja kuwaka. Anwani zote zilianza na 192.168.1, kwa hiyo mawasiliano ya ndani hayakukatika, na hakuna aliyeshuku kitu.

Kama swichi yako ni ya bei nafuu na haina ukurasa wa usimamizi, mmoja wenu aache `ping`, amri inayosubiri kifaa kijibu, ikiendelea kuelekea anwani ya mgeni, mwingine achomoe kebo moja moja; majibu yakikatika, kebo hiyo ndiyo yake. Fanyeni hivyo baada ya saa za kazi! Mabadiliko yakija usiku, acha `ip -ts monitor route` ikiandika kwenye faili. Asubuhi utaikuta saa yenyewe. Kwenye Windows, `ipconfig /all` itakutajia anwani ya aliyegawa.

Kufuta njia kwa mkono ni kupoteza muda: mteja wa DHCP huomba upya nusu ya muda aliopewa ikifika, na njia inaweza kurudi. Seva ipewe anwani na lango la kudumu. Swichi inayoweza kuzuia wagawaji wasioruhusiwa iwekewe kizuizi hicho, na tundu la mgawaji halali pekee liruhusiwe.

Na ruta ya mhasibu hatukuichukua. Tulizima ugawaji wake wa anwani, tukaipa anwani isiyogongana na ya mtu, tukairudisha mezani. Wi-Fi yake anayo hadi leo.