Je, wajua kwa nini mahindi yanayostahimili ukame hayanywi maji kidogo?

Mfuko wa mbegu ukiandikwa "hustahimili ukame", wengi huelewa kwamba mahindi hayo yanahitaji maji machache, au kwamba mizizi yake inachimba mpaka kwenye unyevu ambao mahindi mengine hayaufikii. Wengine huyachanganya na mahindi ya muda mfupi, kama Katumani, iliyotoka kituo cha utafiti kule Machakos, Kenya, miaka ya 1960. Katumani haipambani na ukame, inauwahi. Hukomaa mvua haijakatika, basi. Ukame ukiikuta katikati, nayo huumia.

Imani ya mizizi ndiyo ngumu kung'oka, kwa sababu inaingia akilini haraka. Lakini angalia kilichotokea Mexico. Kuanzia mwaka 1975 watafiti wa kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, walichukua mahindi ya Tuxpeño wakawa wanayapanda kiangazi, wakiyakatia maji makusudi, na kuchagua mimea iliyozaa vizuri kuliko wenzake, kizazi baada ya kizazi. Baada ya mizunguko 8 mavuno chini ya ukame yalikuwa yamepanda waziwazi. Walipochunguza, mmea haukuwa umejifunza kunyonya maji mengi zaidi, wala haukuwa umenenepa. Kilichobadilika zaidi ni ratiba yake ya kuchanua.

Mmea wa mahindi una maua ya aina mbili. Juu kuna mbelewele inayomwaga chavua. Kiunoni kuna hindi changa linalotoa ndevu. Kila unywele umeunganishwa na punje moja tu, na usipopata chavua, punje hiyo haipo. Sasa, ndevu hurefuka kwa seli zake kujaa maji. Udongo ukikauka, urefukaji huo hukwama. Mbelewele haijali sana. Hutoka karibu siku ileile iliyopangwa. Ni kama pantoni ya Kigamboni inayong'oa nanga kwa saa zake hata kama abiria wamekwama barabarani. Abiria wa kwanza wanaiwahi, waliobaki wanafika gatini na kukuta maji matupu. Katika shamba lenye maji, mbelewele na ndevu hupishana siku chache tu. Ukame ukibana, pengo hilo hupanuka hadi wiki na zaidi, na chavua ya shamba imekwisha.

Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu walianza kuhesabu siku za pengo hilo na kuchagua mimea yenye pengo fupi. Kipimo hicho kimeendelea kutumika Afrika pia. Kule Kiboko, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, mahindi ya majaribio hupandwa kiangazi kwa umwagiliaji, kisha maji hukatwa takriban wiki mbili kabla ya kuchanua, ili pengo hilo lijitokeze.

Unaweza kuliona jambo hili mwenyewe. Chukua hindi siku chache baada ya ndevu kutoka, pasua maganda kwa wembe kuanzia kwenye kitako, uyafunue taratibu bila kuzivuta ndevu, kisha litikise. Ndevu za punje zilizochavushwa hudondoka zenyewe. Zinazobaki zimeng'ang'ania ni za punje zilizokosa chavua. Mara nyingi utazikuta nchani, kwa sababu ndevu za kitako hutangulia kutoka na za nchani hufuata mwisho. Hata hivyo, gunzi lenye ncha tupu wakati wa mavuno si ushahidi kamili: punje changa zilizochavushwa huweza pia kufa baadaye mmea ukikosa chakula cha kuzilisha.

Ufupi wa pengo hautibu kila kitu. Joto kali huiua chavua yenyewe hata ndevu zikiwa tayari, na mbegu inayohimili ukame pekee si lazima ihimili ukame na joto vikija pamoja. Na kama mvua imekatika wiki mbili tu baada ya kupanda, miche ikiwa na majani matatu, sifa hii ya kuchanua kwa wakati haiisaidii chochote.