Je, wajua? Kwa nini bingwa wa sataranji hutoa askari bure katika hatua ya pili?

Kuna ufunguzi mkali uitwao Gambiti ya Mfalme. Mweupe husogeza askari wa mbele ya mfalme nyumba mbili, mweusi hujibu vivyo hivyo, kisha mweupe humsukuma askari wa jirani, yule wa safu ya f (safu wima iliyo kando ya ile ya mfalme; safu za ubao huitwa a hadi h), hadi pale anapoliwa bila malipo. Mfalme wake mwenyewe anabaki kifua wazi. Faida iko wapi?

Neno gambiti lina asili ya Kiitaliano, na maana yake ni kumpiga mtu ngwala. Askari mweusi akishakula, ameshahama katikati ya ubao, na anayeshika katikati ndiye hupeleka kete zake upesi kila upande. Kubwa zaidi, safu ya f imefunguka, na ngome, kete inayokwenda mstari mnyoofu, haina nguvu mpaka ipate safu iliyo wazi.

Tazama mchezo wa Mar del Plata, Argentina, mwaka 1960. Boris Spassky wa Umoja wa Kisovyeti, miaka 23, alicheza weupe dhidi ya Mmarekani Bobby Fischer, miaka 17. Fischer alikula alichopewa, na kufikia hatua ya 16 alikuwa mbele kwa askari wawili. Lakini ngome ya Spassky ilikuwa imeshakaa kwenye safu ya f. Hatua ya 22 ikapanda na kumla askari kwenye f5 (safu ya f, mstari wa tano). Fischer akajibu kwa ukali: malkia wake akamla askari wa h4 na kumtishia mfalme, maana udhaifu ule wa kifua wazi ni wa kweli. Spassky akasogeza mfalme kando, akatulia. Hatua ya 29 ngome ileile ikasimama f4 na kumlenga malkia. Popote pa salama ambapo angekimbilia, askofu wa e7 angepotea. Fischer akasalimu amri, naye bado ana askari mmoja zaidi! Safu iliyofunguliwa hatua ya pili ndiyo iliyommaliza.

Huo ndio mchezo pekee Fischer alioupoteza katika mashindano yale. Mwaka 1961 aliandika makala akidai kwamba ufunguzi huu ni wa kushindwa tu kwa mweupe. Kisha, katika ubingwa wa Marekani wa 1963/64, akaketi upande wa weupe mbele ya Mmarekani mwenzake Larry Evans, akamtoa askari wa f hatua ya pili, na akashinda.