Tiba ya Muziki: Mtu Mzima Haimbiwi Nyimbo za Chekechea

Mzazi akisikia kwamba mwanawe wa miaka 34 mwenye ulemavu wa akili anaweza kufaidika na tiba ya muziki, huuliza: "Ataimba nini, na hata kuongea haongei?" Tiba hii haianzi kwa kuimba. Wala si kumwashia redio atulie.

Mwaka 1959, katika kituo cha Sunfield nchini Uingereza, mtunzi wa muziki Mmarekani Paul Nordoff na mwalimu Clive Robbins walianza kufanya kazi na watoto wenye ulemavu. Nordoff alipiga piano, Robbins alikaa na mtoto. Muziki ulitungwa papo hapo: mtoto akilia, piano ilikiitikia kilio chake, akipiga ngoma, piano iliifuata kasi yake. Siku hizi njia hiyo inatumika kwa watu wazima pia.

Kwa nini mwenye ulemavu ndiye afuatwe? Kwa sababu maisha yake yote ameamuliwa: saa ya kula, nguo ya kuvaa, hata mahali pa kukaa. Akigonga ngoma mara mbili, mtaalamu akamjibu mara mbili kisha akanyamaza kumngoja, anajua amesikika. Zamu zinaanza hapo, na mazungumzo yanakwenda bila neno hata moja. Wiki zikipita, mtaalamu huangalia kama anasubiri zamu yake, kama anachagua ala mwenyewe, kama anaweza kuonyesha kwamba ametosheka. Uzuri wa mdundo hauhesabiwi.

Kuna na misiba. Mama akifariki, ndugu humficha habari hiyo wakisema hataelewa. Lakini anaona kwamba aliyekuwa akimvisha hayupo. Anagoma kula, anavunja vitu, nasi tunaita ukorofi. Kwenye muziki anapata pa kuupeleka uchungu ambao hana jina lake.

Jambo linaloniudhi ni kumpigia mtu wa miaka 40 nyimbo za chekechea. Kama amekua akisikia taarabu jikoni kwa bibi yake, au kwaya ya Jumapili, hizo ndizo zake.

Muziki hauondoi ulemavu wa akili; anayekuahidi hivyo mkimbie. Mwenye hali ya Down, ambayo mtu huzaliwa nayo na huathiri akili na mwili, apimwe masikio kwanza, maana wengi wao husikia kwa shida, na anayeonekana kuudharau muziki huenda haumfikii. Wapo pia wanaoteswa na sauti kubwa. Akiziba masikio au akitoka chumbani, amekujibu: punguza, au acha.

Pasipo na mtaalamu, mlezi hawezi kufanya tiba yenyewe, lakini anaweza kukaa naye dakika kumi na ndoo mbili zilizofunikwa. Mwache aanze yeye. Akigonga, mwigize, kisha nyamaza. Asipojibu, usikimbilie kugonga tena. Ngoja mpaka uone umengoja mno, kisha ngoja kidogo tena.