Je, wajua kwa nini wakazi wa San Francisco hupigia kura mikopo ya kujenga vituo vya zimamoto?

Mwezi Machi 2020, wapiga kura wa jiji la San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, walikuta kwenye karatasi zao za kura swali lisilohusu mgombea wala chama chochote: je, jiji liruhusiwe kukopa dola milioni 628.5 ili kujenga na kuimarisha vituo vya zimamoto, vituo vya polisi, kituo cha kupokelea simu za dharura na mfumo wa maji ya kuzimia moto? Zaidi ya asilimia 80 walijibu ndiyo. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki utaratibu huu ni mgeni. Nchini Kenya, kwa mfano, ibara ya 212 ya Katiba inaitaka kaunti inayokopa ipate dhamana ya Serikali Kuu na idhini ya bunge lake la kaunti, na hapo mwananchi wa kawaida haulizwi moja kwa moja. Kwa nini basi California humuuliza?

Jibu la kwanza limo katika Katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1879, inayokataza mji kujitwika deni linalozidi mapato yake ya mwaka mmoja bila ridhaa ya theluthi mbili ya wapiga kura waliojitokeza. Katiba hiyo iliandikwa katika karne ambayo miji mingi ya Marekani ilikuwa imekopa kwa pupa, hasa kwa ajili ya kuzivutia kampuni za reli, kisha ikabaki na madeni ambayo watozwa kodi waliyalipa kwa miaka mingi, hata pale ambapo reli yenyewe haikufika.

Jibu la pili ni la nani anayelipa. Jiji hukopa kwa kuuza hatifungani, yaani hati za deni ambazo wawekezaji hununua kwa ahadi ya kurudishiwa fedha zao pamoja na riba, na deni hilo hulipwa kwa nyongeza ya kodi ya nyumba na viwanja kwa miongo miwili au zaidi. Tangu mwaka 1978, kodi hiyo haiwezi kuzidi asilimia 1 ya thamani ya mali kwa hesabu ya serikali, isipokuwa kwa kulipia madeni yaliyoidhinishwa na wapiga kura wenyewe. Anayepiga kura ya ndiyo, kwa hiyo, anaifungulia mlango ankara itakayomfikia kila mwaka. Hata mpangaji hasalimiki, kwa kuwa sheria za San Francisco zinamruhusu mwenye nyumba kumtoza nusu ya nyongeza hiyo. Ili kupunguza uzito huo, jiji limejiwekea kanuni ya kutotoa hatifungani mpya ila kadiri za zamani zinavyomalizwa kulipwa, ili kiwango cha kodi kisipande juu ya kile cha mwaka 2006.

Sheria inaeleza kwa nini watu huulizwa. Kwa nini wanakubali ni habari nyingine, na inaanzia alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906, saa 11 na dakika 12, pale tetemeko kubwa la ardhi lilipoupiga mji. Mtikisiko wenyewe ulibomoa mengi, lakini ulioteketeza mji ni moto uliofuata na kuwaka kwa siku tatu. Mabomba makuu ya maji yalikuwa yamepasuka, hivyo askari wa zimamoto walifunga mipira yao na hawakupata kitu. Majengo yapatayo 28,000 yaliangamia, na zaidi ya nusu ya wakazi wapatao 400,000 wakakosa makazi. Mkuu wa zimamoto, Dennis Sullivan, ambaye alikuwa ametetea kwa miaka mfumo wa maji ya bahari kwa ajili ya kuzimia moto, alijeruhiwa bomba la moshi la hoteli jirani lilipoanguka juu ya kituo alimokuwa amelala, naye akafariki siku chache baadaye. Katika kona ya mtaa wa 20 na mtaa wa Church lipo hadi leo bomba dogo la zimamoto ambalo liliendelea kutoa maji siku hizo na kusaidia kuinusuru mitaa ya Mission. Kila mwaka, tarehe 18 Aprili, wakazi hulipaka upya rangi ya dhahabu.

Mwaka 1908, wapiga kura waliidhinisha mkopo wa dola milioni 5.2 kujenga kile ambacho Sullivan alikipigania: mtandao wa mabomba mazito uliotengwa na maji ya kunywa, wenye hifadhi ya karibu lita milioni 40 juu ya kilima cha Twin Peaks na pampu za kuvuta maji ya chumvi kutoka ghuba. Mfumo huo unatumika mpaka sasa. Apitaye katika njia panda nyingi za jiji ataona duara kubwa la matofali katikati ya barabara. Chini yake kuna tangi la maji, na kwa kawaida tangi moja hubeba karibu lita 284,000. Mkopo wa mwaka 2010, wa dola milioni 412.3, uliongeza matangi mapya 30, pamoja na kugharimia makao makuu mapya ya polisi na kituo cha zimamoto katika eneo la Mission Bay.

Uimara wa mfumo huo, hata hivyo, una mipaka. Tetemeko la Oktoba 1989 lilipasua sehemu zake kusini mwa barabara ya Market, tangi moja kuu likakauka, na moto ulipozuka katika mtaa wa Marina maji yalikosa nguvu. Mtaa uliokolewa na boti ya zimamoto iitwayo Phoenix, iliyovuta maji ya ghuba na kuyapeleka nchi kavu kwa mipira. Mimi naona hoja nzima ya mikopo hii imo humo. Kituo cha zimamoto kinachoporomoka pamoja na nyumba za jirani hakimsaidii mtu, na gari lililofukiwa ndani yake halizimi moto wa yeyote. Majengo ya namna hii ndiyo yanayotakiwa kubaki wima wakati mengine yote yameanguka, na gharama ya kuyafanya hivyo haiwezi kuchangwa kutoka bajeti ya mwaka mmoja.

Sharti la theluthi mbili ni kali mno, na si kila ombi hulivuka. Juni 2022, mkopo wa dola milioni 400 kwa ajili ya usafiri wa umma na usalama barabarani ulipata takriban asilimia 65 ya kura, ukaanguka. Mtu anaweza kulalamika kwamba theluthi moja imewafunga mikono wengi, na malalamiko hayo yana haki yake. Mwaka 2024 wapiga kura wa California waliombwa kushusha kiwango hicho hadi asilimia 55 kwa nyumba za bei nafuu na miundombinu ya umma, nao wakakataa. Lakini ukali huo pia huilazimisha serikali kusema mapema inakwenda kufanya nini. Mkopo wa 2020 uligawanywa hadharani: dola milioni 275 kwa vituo vya zimamoto vya mitaani, milioni 153.5 kwa maji ya kuzimia moto, milioni 121 kwa vituo vya polisi, milioni 70 kwa majengo ya kukabili maafa na milioni 9 kwa kituo cha simu za dharura. Matumizi yake hufuatiliwa na kamati ya wananchi iliyoundwa kwa kura ya mwaka 2002.

Linalonisumbua mimi ni ramani. Mabomba ya mwaka 1908 yalitandazwa palipokuwa na watu wakati ule, yaani mashariki. Mitaa ya magharibi, Richmond na Sunset, ilijaa nyumba za mbao zilizobanana baadaye, na sehemu zake nyingi zimebaki nje ya mtandao huo, ingawa wenye nyumba wa huko wanalipa deni kwa kiwango kile kile wanacholipa wenzao walio hatua chache kutoka kwenye matangi. Mwaka 2019, baraza la wananchi linalochunguza utendaji wa jiji lilionya kwamba kazi hiyo inacheleweshwa mno, na kura ya mwaka uliofuata ikatenga fedha za kuanza kupeleka maji ya nguvu magharibi. Fedha hizo hazitoshi kuufunika upande wote, kwa hiyo wakazi wa jiji watarudi tena kwenye sanduku la kura kuulizwa swali lile lile.