Makuruta wa London: yasemwayo na yaliyotokea

Inasemwa kwamba Wazungu walioingia Afrika Kusini kwa siri kuisaidia ANC, chama kilichopigania uhuru wa Weusi, walikuwa majasusi waliobobea. Si kweli. Wengi walikuwa wanafunzi na wafanyakazi wa kawaida wa Uingereza, vijana ambao Ronnie Kasrils, mwanaharakati wa ANC aliyekuwa uhamishoni London, alianza kuwatafuta mwaka 1967. Baada ya kesi ya Rivonia, iliyomfunga Nelson Mandela na wenzake, viongozi wa ANC walikuwa wamefungwa au wamekimbilia nje, na makaburu waliamini chama kimekwisha. Vijana hao, makuruta wa London, walitumwa kuwaonyesha wananchi kwamba bado kipo.

Wengine hudhani walikwenda kuua. "Bomu" lao lilikuwa ndoo ya plastiki: chini baruti kidogo yenye saa, juu yake kibao, na juu ya kibao rundo la vipeperushi. Muda ukifika, kibao kinarushwa na karatasi zinatawanyika hewani; ilitengenezwa isimdhuru mtu. Ndoo ziliwekwa kwenye stesheni na vituo vya mabasi, mahali wafanyakazi Weusi walipopita kwa wingi wakirudi nyumbani. Agosti 1970 zililipuka kwa mpigo Johannesburg, Cape Town, Durban na Port Elizabeth. Kwingine walificha kinasa sauti na vipaza sauti, hotuba ya ANC ikasikika mtaani.

Kwa nini watumwe Wazungu? Kwa sababu makachero walimshuku mtu kwa rangi yake. Mtalii mweupe alipita na sanduku lenye kitako cha uongo, vipeperushi vimejaa chini, asiulizwe kitu. Ubaguzi wenyewe ulimfungulia njia.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba wageni ndio waliobeba mzigo. Amri zilitoka kwa uongozi wa ANC wa Oliver Tambo, na adhabu kali ziliwaangukia Waafrika. Tazama hukumu ya Pretoria ya 1973. Kati ya makuruta, Sean Hosey, kijana wa Ireland, alifungwa miaka 5, na Alex Moumbaris 12. Waafrika wanne walioshtakiwa pamoja nao, Theophilus Cholo, Justice Mpanza, Petrus Mthembu na Gardner Sijake, walipewa 15 kila mmoja. Moumbaris alitoroka Desemba 1979 na wenzake wawili, wakitumia funguo za mbao zilizochongwa humo humo gerezani, na kisa hicho kimesimuliwa dunia nzima. Majina ya wale wanne ni wachache wanaoyajua. Hiyo ni dhuluma.

Wala mambo hayakuishia miaka ya 1970. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kampuni ya utalii ya Africa Hinterland ilipeleka watalii kwa lori kutoka Nairobi hadi Cape Town. Chini ya viti walivyokalia kulikuwa na silaha za Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, zilizopakiwa Zambia, na abiria hawakujua lolote. Inakadiriwa zilivuka tani 40 hivi.

Tena si wote walioshika baruti au bunduki. Mfuko wa IDAF wa Kasisi John Collins, uliosaidia wafungwa wa kisiasa na familia zao, ulipopigwa marufuku Afrika Kusini mwaka 1966, ulitafuta watu wa kawaida Uingereza na kwingineko wawaandikie barua wake za wafungwa kama marafiki tu, huku wakiwatumia fedha za chakula na karo. Mawakili nao walilipwa kwa njia za kuzunguka, na hivyo washtakiwa wengi wa kesi za kisiasa wakapata watetezi mahakamani.