Je, wajua kwa nini kiingilio cha Disneyland kimetoka dola 1 hadi kuvuka dola 200?

Huko Florida, Marekani, kuna mji mdogo unaoitwa Harambe. Kuta zake zimefubazwa makusudi zionekane kama zimeliwa na chumvi ya bahari kwa miaka mia, mabango yake yana maneno ya Kiswahili, na waliousanifu walichukua sura yake kutoka Lamu. Hakuna anayelala humo. Harambe ni mji wa kubuni ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani ya kampuni ya Disney iliyofunguliwa Aprili 22, 1998. Mwaka 2025, ili uingie humo na kusalimiwa "Jambo!", ulihitaji dola 119 kwa kichwa, na hiyo ni kwa siku ambazo bei iko chini kabisa.

Ukienda bustani ya kwanza ya kampuni hiyo, Disneyland ya California, katika siku za msimu mkubwa, utalipa zaidi. Oktoba 2024 kiingilio cha siku hizo kilipanda hadi dola 206, yaani zaidi ya shilingi 26,000 za Kenya au zaidi ya laki tano za Tanzania, kwa mtu mmoja kwa siku moja. Chakula hakimo, na maegesho ya gari hayamo. Mtoto aliye chini ya miaka 3 huingia bure, wa miaka 3 hadi 9 hupunguziwa kidogo, na akifika 10 anahesabiwa mtu mzima. Kwa bei hiyo, baba, mama na watoto wawili walikaribia dola 800 kabla hawajanunua hata chupa ya maji.

Watu wananung'unika, na hawajaanza leo. Lakini bustani zinajaa. Hapo ndipo penye swali: bei inapandaje kila mwaka, wateja wanalalamika kila mwaka, na langoni bado kuna foleni?

Tuanze mwanzo. Disneyland ilifunguliwa Julai 1955, na kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 1. Dola hiyo ilikuvusha lango tu. Kila mchezo ulilipiwa peke yake, senti 10 hadi 35, kama bembea za sikukuu ya Idi ambapo mtoto anashika sarafu zake mkononi na kuamua apande nini. Miezi michache baadaye vikaja vitabu vya tiketi zenye herufi. A ilikuwa ya michezo midogo, na kuanzia 1959 ikaongezwa E kwa ile mikubwa inayotamaniwa na kila mtu. Wamarekani waliizoea herufi hiyo mpaka ikaingia katika usemi wao. Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani, aliporushwa na roketi mwaka 1983 aliifananisha safari hiyo na tiketi ya E ya Disneyland.

Mwaka 1982 vitabu hivyo viliachwa. Ikaja bei moja ya dola 12: lipa langoni, ndani panda chochote mara nyingi utakavyo. Naomba msomaji aishike sana hatua hii, kwa sababu ndiyo iliyozaa hisia ambazo watu wanazo leo. Kuanzia siku hiyo, aliyevuka lango alikuwa sawa na mwenzake. Mwenye benki na dereva wa teksi walisimama foleni moja, na wote wawili walingoja dakika zilezile chini ya jua lilelile.

Je, kupanda kwa bei si thamani ya fedha tu kushuka? Hapana. Dola 12 za mwaka 1982 zingekuwa kama dola 39 au 40 mwaka 2024. Ukiweka hizo kando ya 206, mfumuko wa bei unaeleza kipande kidogo tu. Kilichobaki kinatokana na uamuzi wa watu.

Sababu ya kwanza ya uamuzi huo ni nafasi. Magic Kingdom, bustani kuu ya Disney huko Florida, hupokea zaidi ya watu milioni 17 kwa mwaka. Kiti cha treni ya michezo ni kiti. Kikijaa kimejaa, na saa moja ina dakika 60 kwa wote. Kujenga eneo jipya huchukua miaka na mamia ya mamilioni ya dola. Kampuni ikiuza tiketi kwa bei ya chini kwa kila anayetaka, ndani patakuwa kama kituo cha mabasi mkesha wa Krismasi, na mtu atapanda michezo mitatu kutwa nzima. Kwa hiyo bei inafanya kazi ya mlinzi: inapunguza kichwa kimoja kimoja mpaka idadi iwe ile inayobebeka.

Ndiyo maana Februari 2016 Disneyland ilianza kupanga siku kwa madaraja. Siku tulivu ilikuwa dola 95, ya kawaida 105, na ya msongamano 119. Mwaka 2018 Florida ikafuata, kila tarehe na bei yake. Jambo hili si geni kwetu. Kaunti ya Narok, kuanzia 2024, inamtoza mgeni kutoka nje dola 100 kwa siku kuingia Masai Mara kati ya Januari na Juni, na dola 200 kati ya Julai na Desemba, nyumbu wanapovuka mto. Hata punguzo la wenyeji lipo pande zote mbili. Mkazi wa Florida au California hupewa ofa ambazo mgeni hapewi, kama Mkenya asivyolipa langoni sawa na mtalii wa Ulaya.

Sababu ya pili haisemwi sana kwenye matangazo, nayo naiona ni nzito kuliko ya kwanza. Kwa miaka mingi Disney ilikula vizuri kutokana na televisheni za kulipia. Familia za Marekani zimekuwa zikikata vifurushi hivyo na kuhamia intaneti, na chungu hicho kimepungua. Katika mwaka wa fedha wa 2024, kitengo cha bustani, meli za kitalii na bidhaa kilileta faida ya uendeshaji ya karibu dola bilioni 9.3, zaidi ya nusu ya faida hiyo kwa kampuni nzima. Mwaka 2023 kampuni ilikuwa imeshatangaza kwamba itatumia takriban dola bilioni 60 kwa miaka 10 katika bustani na meli. Kwa maneno mengine, mzazi anayelipa langoni Florida anabeba pia mzigo ambao zamani ulibebwa na aliyekuwa amekaa sebuleni akitazama televisheni.

Lakini bei kubwa peke yake haielezi uchungu wa watu. Wageni wengi wanajua wanakwenda mahali ghali. Kinachowachoma ni kitu kingine, na wachumi walikigusa zamani. Mwaka 1986 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha utafiti ambao ndani yake waliwauliza watu swali jepesi: duka linauza sepetu za theluji kwa dola 15; asubuhi baada ya dhoruba ya theluji linapandisha hadi 20; je, ni haki? Asilimia 82 walisema si haki. Sepetu ni ileile, duka ni lilelile, kilichobadilika ni kwamba mteja sasa amebanwa. Yeyote aliyewahi kusimama Nairobi jioni, mvua imeanza, na kusikia kondakta akitaja nauli mara mbili ya ile ya asubuhi, anaijua hasira hiyo bila kusoma utafiti wowote.

Likizo ya shule ndiyo mvua ya mzazi. Watoto hawafungi shule katikati ya Januari siku za kazi, wakati bei iko chini. Wanafunga Krismasi, Pasaka na kiangazi, na tarehe hizo ndizo zenye bei kubwa. Mzazi hajachagua msimu. Amepangiwa na kalenda.

Kampuni inalijua hilo, na jibu lake limefanyiwa hesabu nzuri. Bei ya chini kabisa ya Disneyland, dola 104, imeachwa palepale tangu 2019. Kila mwaka kinachosogea ni kilele. Hivyo kampuni inaweza kusema kweli kwamba tiketi ya chini haijapanda, hata kama siku zenye bei hiyo ni chache na ziko mahali ambapo familia nyingi haziwezi kuzifikia. Nayo ni njia inayofuata tabia ya binadamu: ukiambiwa "leo tumekupunguzia" unapokea vizuri, ukiambiwa "leo tumekuongezea" unakasirika, ingawa mwisho wa siku tofauti ni ileile.

Kisha likaja jambo la foleni, ambalo kwangu ndilo kiini cha yote.

Mwaka 1999 Disney ilianzisha utaratibu ulioitwa FastPass. Unachukua karatasi yenye saa, unakwenda kula au kutembea, saa ikifika unarudi na kupita njia ya haraka. Ulikuwa bure kwa kila aliyevuka lango. Mwenye kuamka mapema alifaidi, lakini kuamka mapema hakuhitaji fedha. Janga la korona lilipofunga bustani mwaka 2020 utaratibu huo ulikatika, na uliporudi 2021 ulikuwa umebadilika jina na umewekewa bei, kuanzia dola 15 kwa mtu kwa siku huko Florida na 20 California. Oktoba 2024 ikaongezwa daraja la juu zaidi, ambalo Florida lilianzia dola 129 hadi 449 kwa mtu kwa siku, juu ya kiingilio.

Mtu atasema: mbona hata uwanja wa Benjamin Mkapa una mzunguko na VIP, na shabiki wa mzunguko hakasiriki? Ni kweli, na tofauti ndiyo inayofundisha. Aliyekaa VIP hakuchukui kiti chako cha mzunguko. Mpira utaanza saa ileile kwenu nyote. Foleni haiko hivyo. Kila kundi linalopitishwa njia ya haraka linachukua viti ambavyo vingekuwa vyako, nawe unabaki pale pale ukiwaona wakipita ubavuni. Muda wao umefupishwa kwa kurefusha wako. Ile ahadi ya 1982, kwamba ndani ya lango sote tuko sawa, imeuzwa vipande vipande, na aliyekulia ndani yake anahisi ameondolewa kitu alichokwisha kukilipia.

Kwa nini basi wanarudi? Kwa sababu hawanunui kiti cha treni. Wananunua umri wa mtoto. Binti wa miaka 6 anayeamini kwamba yule aliyevaa gauni ni binti mfalme wa kweli, mwaka ujao huenda asiamini tena, na hakuna bustani inayoweza kumrudishia. Uchunguzi wa maoni uliofanywa mwaka 2024 na LendingTree, kampuni ya Marekani ya masuala ya mikopo, ulionyesha kuwa asilimia 24 ya waliowahi kwenda Disney waliingia deni kwa ajili ya safari hiyo. Kwa wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 18 ilikuwa asilimia 45. Wengi wa waliokopa walisema hawajutii. Sisi tunaokopa kwa ajili ya harusi na kitchen party hatuna haki ya kuwashangaa.

Uvumilivu huo si wa kila bustani, hata hivyo. Six Flags, kampuni nyingine kubwa ya Marekani, ilijaribu njia hiyohiyo mwaka 2022: ikapunguza ofa, ikapandisha bei, ikitaka wageni wachache wanaotumia zaidi. Waliokuja walipungua kutoka takriban milioni 28 mwaka uliotangulia hadi takriban milioni 20. Bustani zake ni za treni za kasi, na vijana wa mtaa wanaweza kuziahirisha hadi mwakani. Utoto hauahirishwi.

Hata ndani ya Disney walisikia manung'uniko. Machi 2023 mkurugenzi mkuu wake wa wakati huo, Bob Iger, alikiri mbele ya wawekezaji kwamba katika kutafuta faida huenda walikuwa wakali kidogo katika baadhi ya bei. Miezi michache nyuma kampuni ilikuwa imerudisha maegesho ya bure kwa wageni wanaolala hotelini kwake Florida na kuongeza siku za dola 104 California. Lakini Oktoba ya mwaka uliofuata ndipo kilele kilipovuka 200 na lile daraja la dola 449 likatangazwa. Oktoba 2025 kilele cha California kikasogezwa tena, hadi dola 224.

Kule Harambe, mchezo unaopendwa kuliko yote unaitwa Kilimanjaro Safaris. Una milango miwili. Mmoja ni wa waliolipia njia ya haraka, mwingine ni wa wanaongoja, na siku ya watu wengi wale wa pili husimama saa nzima na zaidi, watoto wameketi chini, wazazi wakiwapepea. Mwishoni milango hiyo inakutana. Wote wanapanda lori moja, wanakaa benchi moja, na wanawaona twiga walewale.